Bangili za Mama Mkubwa Aurélie

Alhamisi, 5 Desemba 2024

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si padri kwenye kitubio, kwa sababu jambo lenyewe si langu na sina hakika kama ni dhambi. Mjomba Salvatori huvaa dera.

Nimeandika. Nyumba haijaanguka.

Nilijua mwezi wa kumi, kabla ya mtihani wa Form Four. Mama alinituma nimpelekee migebuka iliyoletwa kutoka Karema. Mjomba ni mdogo wake Mama, fundi ujenzi, anaishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Makanyagio, Mpanda. Nikasukuma mlango bila hodi. Kosa langu. Alikuwa amekaa kwenye stuli, dera la kijani, kilemba kichwani, anachambua mchele. Tukaangaliana. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, weka samaki juu, paka asifike.

Tangu hapo kila Jumamosi mchana, akishamaliza kufua, nakunywa naye chai. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini. Alifikiri mpaka chai ikapoa. Akasema wiki nzima yeye ni zege, basi saa mbili tatu anapenda kuwa kitu laini. Sikuuliza tena.

Tatizo ni mikono. Dera linamtosha kila mtu. Bangili hazina huruma hiyo. Mjomba anashika tofali kwa mkono mmoja kama mimi ninavyoshika andazi. Ana bangili sita ndani ya kopo la siagi na zote zinaishia kwenye kidole gumba. Leo kaniambia, huku anaangalia dirisha, kwamba angepata moja tu inayopita asingeomba kingine.

Nimemaliza shule. Matokeo mpaka Januari. Sina kazi yoyote isipokuwa kupalilia shamba la Litapunga na Mama siku mvua ikikatika. Nitampatia.

Ijumaa, 6 Desemba

Mpango wa Kwanza. Nimempima kwa uzi wake wa kupigia tofali. Nimezungusha kwenye kifundo cha mkono, nikakata, nikaenda duka la urembo la Zaitun pale sokoni. Njiani nilirudia sentensi yangu mara tisa, maana mbele ya watu maneno huwa yananikimbia.

Zaitun akauchukua uzi, akaunyoosha, akaniuliza huu ni mkono au mguu. Wateja wawili wakacheka. Nikasema ni wa mama mkubwa. Mama mkubwa gani? Wa Karema. Anaitwa nani? Hapo ndipo nilipopaswa kuondoka. Nikasema Aurélie.

Sina mama mkubwa anayeitwa Aurélie. Mama ndiye mkubwa kwao.

Zaitun akataka kujua amekuaje na mikono hiyo. Nikasema anavuta nyavu. Akasema maskini, na bado anataka kupendeza. Akatafuta mpaka chini ya meza, akatoa bangili ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu, nzito, inalingana na uzi kabisa.

Nikarudi nakimbia. Mjomba akanawa mikono kwanza, kama mtu anayekwenda kula. Akaivaa. Ikasimama kwenye gumba.

 Kisha akasema kwa upole kwamba ukitaka kuingiza kabati unapima mlango, hupimi upana wa chumba. Nilikuwa nimepima pale bangili itakapokaa. Sikupima pale itakapopita. Nina A ya hesabu ya mock.

Jumamosi, 7 Desemba

Asubuhi. Mpango wa Pili. Nimekwenda kwa Mzee Masele, yule Msukuma anayekaa karibu na mafundi baiskeli, anayesokota bangili za waya wa shaba. Zake zina uwazi, hazihitaji kupita popote. Nilijiona nina akili sana.

Safari hii nilipima ngumi nzima. Mzee Masele hakuugusa hata uzi. Akasema yeye hapimi kamba, anapima mkono. Kila mkono una mfupa wake unaojitokeza na usipouona waya unakwaruza. Alete mkono. Nikasema mwenye mkono yuko Karema. Akauliza ni nani. Nikajibu, maana jina lilikuwa tayari limeshatengenezwa.

Akaweka koleo chini. Akauliza kama huyo Aurélie analima. Nikasema sana. Ana mume? Nikasema alifariki. Sijui kwa nini nilimuua. Mzee Masele naye amefiwa na mke, ana ng'ombe kule Kasekese na ekari nyingi za mpunga. Akaniambia polepole kwamba wanaume wa siku hizi wanatazama sura, ila mwanamke mwenye mkono kama huo nyumba yake hailali njaa. Akija mjini nimwambie. Akanipa na salamu nimpelekee.

Nikapita tena kwa Zaitun. Kanifundisha kwamba bangili haivaliwi kwa nguvu. Unavalisha mkono mfuko wa nailoni, unapaka sabuni, unakunja gumba ndani ya kiganja kama unayeingiza mkono kwenye mtungi, kisha mtu mwingine anavuta huku wewe unahesabu kitu kingine. Akasema hata Mama Aurélie itampita.

Mchana. Mpango wa Tatu. Nailoni ya mkate, sabuni ya mche, na mafuta ya alizeti kwa usalama. Mjomba alihesabu mifuko ya saruji ya site. Alipofika kumi na saba, bangili ya Zaitun ikapita.

Naandika hili kwa usahihi kwa sababu nataka kulikumbuka. Aliinua mkono, akauzungusha kwenye mwanga wa dirisha.  Akamimina chai, akamimina polepole kuliko kawaida, ili aitazame. Nikajua kwa nini nilizaliwa.

Saa kumi na moja haitoki.

Jumapili, 8 Desemba

Haitoki. Sabuni imeisha. Mkono umevimba, ngozi imepanda juu ya chuma, hakuna hata pa kupitisha msumeno. Nilijaribu upande mmoja nikamkata mjomba kidogo. Akasema si kitu, na machozi yakamlenga.

Mjomba anaimba besi kwenye kwaya. Asingeweza kukosa misa bila Mama kwenda kumtazama. Mpango wa Nne: bandeji. Nimeizungusha toka kiwiko mpaka vidole. Kanisani akasema ameteleza kwenye jukwaa la mirunda. Kwaya nzima ikasema pole. Mama akanigeukia na kuniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua. Akauliza mbona sikumwambia. Nikasema nilitaka kumshtua. Jibu baya.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Hakuna kazi, kwa hiyo mtaa mzima una nafasi ya kumpa mjomba pole.

Jumuiya yetu ndogo imekuja na sukari, mchele na rozari. Wamekaa juu ya kitanda ambacho chini yake kuna sanduku la madera. Mama kapika uji. Kila mwanamke aliyeingia alitaka kuushika mkono ajue mfupa uko wapi, na mimi nimekaa katikati kama mbwa mlinzi, nikisema daktari kakataza. Daktari yupi, akauliza Mama. Nikasema yule mrefu.

Ndipo Mama akatangaza. Kuna mzee wa kuunga mifupa, ameshaagizwa, anafika kesho saa kumi. Anafungua bandeji, anakanda kwa maji ya moto na mafuta, mtu anapiga kelele lakini anapona. Mama mwenyewe atamshika miguu asirushe mateke.

Mjomba akashukuru. Walipoondoka wote, akakaa kwenye stuli yake. Akasema akifunguliwa pale mbele ya dada yake na jumuiya, atahamia machimboni na hatarudi. Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama anayesoma ratiba ya treni.

Nikamwambia asijali, nina mpango. Akaomba nisiwe nao.

Jumanne, 10 Desemba

Mpango wa Tano. Mwenye koleo nyembamba na mkono mwepesi hapa Mpanda ni mmoja tu. Saa mbili asubuhi nilikuwa mbele ya Mzee Masele. Nilikusudia kusema ukweli. Nikafungua mdomo, nikasema Mama Aurélie amefika, bangili imemkwama, na haya inamzuia kutoka nje.

Akaniambia nimsubiri. Akaenda alikopanga. Akarudi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kofia, na kuku chini ya kwapa.

Njia nzima sikupata pumzi ya kusahihisha. Aliniuliza kama anapenda wali au ugali. Nikasema vyote.

Mjomba akafungua mlango. Mzee Masele akatazama nyuma yake, kisha jikoni, kisha bandeji. Kuku akapiga kelele. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba mkono ni huu.

"Ndiye huyu Aurélie?"

Nikasema ndiye. Nikasema yote, mpaka dera, kwa sababu nikianza kusema kweli nako huwa sijui pa kusimama. Mjomba alikuwa amefunika uso kwa mkono mzima uliobaki.

Mzee Masele akakaa. Akavua kofia, akaiweka gotini.  Mimi nilikuwa nawaza namna ya kumwambia Mama kwamba mdogo wake amehama. Hatimaye Mzee Masele akasema ameshamweleza dada yake kule Kasekese, na dada ameanza kutafuta vitenge. Akasema binti, wewe ni mwongo mbaya, yaani unadanganya mpaka mtu anapiga pasi.

Kisha akasogeza stuli, akafungua bandeji.

Aliingiza mpini wa kijiko kati ya chuma na ngozi, akakata kidogo kidogo, anapuliza pale panapouma. Dakika ishirini. Bangili ikaanguka sakafuni vipande viwili. Mjomba akavuta pumzi kama mtu aliyetoka kisimani. Akasema asante baba.

Mzee Masele hakuondoka. Aliendelea kuushika mkono, akiupindua, akibonyeza mfupa unaojitokeza. Akasema ni mkono mzuri. Akatoa waya mfukoni, shaba mpya inayong'aa. Mjomba akasema hapana mzee, usijisumbue.

"Nimetoka nyumbani kuja kumpima Aurélie," akasema. "Sirudi na waya."

Akauliza nene au nyembamba.  Mjomba akasema nyembamba. Akauliza kavu au na ushanga. Mjomba akasema, chini kabisa, na ushanga. Mwekundu, kama upo.

Ulikuwepo.

Saa kumi Mama alifika na mwenye kuunga mifupa, na wanawake wanne, na sufuria. Wakakuta mjomba anachanja kuni. Uvimbe umeshuka, mkwaruzo mdogo, na shaba nyembamba yenye ushanga mwekundu mmoja kwenye kifundo. Mama akauliza hiyo nini. Nikafungua mdomo. Mzee Masele, aliyekuwa bado kwenye stuli anamalizia chai, akaniwahi. Akasema ameshamtazama, mfupa hauna shida, na hiyo bangili isivuliwe.

Wanawake wakaitikia, wanajua, shaba inavuta maumivu. Mama akamwambia mjomba nisikie umeivua. Mjomba akasema sitaivua dada.

Mlangoni nilimuuliza Mzee Masele kama atasema. Akasema mikono ya wateja wake haiongelewi sokoni. Kuku akatuachia. Alisema hawezi kurudi naye mtaani, watu watauliza.

Jumamosi, 14 Desemba

Mjomba ameivaa tangu Jumanne. Ameivaa site, akipanga tofali, akipokea mshahara, akiimba besi kwenye mazoezi. Hakuna aliyemuuliza, isipokuwa watu watatu waliotaka kujua kama inatibu na kiuno. Leo amekunywa chai na dera la kijani, bangili ile ile. Akasema hajawahi kuvaa kitu kimoja siku tano mfululizo, site na nyumbani. Akanishukuru. Kisha akaniapisha kwenye kitabu cha nyimbo kwamba mipango imekwisha na Aurélie amerudi Karema moja kwa moja.

Nimeapa. Nilimaanisha.

Mzee Masele analalamika kidogo. Wagonjwa wa viungo wanapanga foleni kwake, na wote wanataka ushanga mwekundu.

Jioni nikipita sokoni Zaitun ameniita. Ameagiza bangili kubwa kutoka Dar kwa ajili ya mama mkubwa, zimefika jana, na kabla ya adhuhuri wanawake watano wenye mikono mikubwa wamezinunua. Mmoja alilia dukani, hajavaa bangili tangu arusi yake. Nilitaka kumwambia Zaitun ukweli, au angalau kwamba Aurélie hayupo tena. Lakini alikuwa ameshachukua kalamu. Anaagiza na pete, na viatu. Akauliza mama mkubwa anavaa namba ngapi.

Nikafikiria miguu ya mjomba chini ya dera, kwenye zile ndala za matairi.

Nikasema arobaini na tano. Nikasema pia anapita hapa Ijumaa kupanda treni ya Tabora. Zaitun akasema atafunga duka, ataenda stesheni kumsindikiza mwenyewe, amekaa sana bila kumwona mwanamke wa namna hiyo.

Si tatizo. Nina siku sita, na nimeona kwamba ukivaa kilemba vizuri na miwani ya jua, na ukipungia mkono ukiwa dirishani tu, treni ikiwa imeshaanza kuondoka, hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni nani. Mjomba bado sijamwambia.

Wewe unayesoma, kama umeliokota daftari hili mahali, lifunge. Lirudishe chini ya gunia la mpunga, upande wa ukutani. Mambo ya mjomba usimwambie mtu. Na haya ya Ijumaa, usimwambie mjomba.