Meza ya Kuchajia Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu bila mgeni. Leo aliyebisha hodi ni msoma mita. Nikamkaribisha chai, akasema ana milango arobaini ya kumaliza. Huko juu, kwa Bwana Nyaya, vicheko tangu asubuhi! Siri yake naijua: ana nyaya saba za chaji, na jengo zima hupanda kwake na simu zao. Mtu mzima kupendwa kwa ajili ya waya! Lakini mimi ni fundi umeme mstaafu. Nimeagiza sahani ya kuchaji bila waya, nitaificha chini ya meza ya sebuleni. Ujanja ni huu: simu yenye waya mtu huichezea huku inachaji. Ya mezani ukiinyanyua tu, chaji inakatika. Mgeni atakaa mikono mitupu. Atafanya nini zaidi ya kuzungumza nami? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Jumatano, 5 Machi

Haichaji. Ubao wa meza ni mnene kama kamusi, na umeme huu hauruki hata upana wa kidole. Nimeshinda chini ya meza na patasi, nachimba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dada yangu alipiga simu, akauliza mbona nahema. Nikamweleza. Akasema, mdogo wangu, si upande tu ukakae na watu? Nikamwambia mimi si ombaomba, watu watashuka. Akaaga.

Alhamisi, 6 Machi

Inachaji! Simu yangu, ile aliyoninunulia Dada, imejaa bila kuguswa. Nimebandika tangazo kwenye ngazi: CHAJI BILA WAYA. CHAI IPO.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja saba! Nilihesabu viatu mlangoni mara mbili kwa raha. Kila mtu akalaza simu yake kwa zamu. Hakuna hata moja iliyochaji. Fundi cherehani wa chumba cha pili ndiye aliyenifungua macho: simu zao ni za zamani, hazipokei chaji ya namna hii. Miaka thelathini ya umeme na sikuuliza! Wakacheka, si kwa ubaya, wakapanda juu. Chupa ya chai wakaenda nayo. Nimebaki na vikombe vinane na upweke unaouma kama jino.

Jumamosi, 8 Machi

Hodi. Bwana Nyaya mwenyewe, anarudisha chupa! Akaona meza, akalaza simu yake. Ikachaji. Tukakaa saa mbili. Akasema watu wanaojaa kwake hutazama simu, si yeye. Tangu mkewe afariki hakuna aliyemuuliza habari akasubiri jibu. Nikamuuliza. Nikasubiri. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo. Ghafla nikaona simu yake imefika tisini. Itajaa, ataondoka! Nikaisukuma sahani kwa goti, taratibu, chaji ikate. Akaniona. Nikasingizia hitilafu. Akatabasamu, akasema ndugu yangu, kwangu nyaya ni saba, unadhani nimefuata chaji? Kisha akanialika kesho mchana, tule wawili tu, wenye simu amewaambia wasije. Nikakubali.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na wazo kubwa kuliko yote. Jana alinidokeza kwamba gari lake jipya ni la umeme. Simu hujaa kwa saa mbili, lakini gari! Gari ni siku nzima! Nikifukia sahani kubwa kwenye maegesho, chini ya dirisha langu, ataegesha hapo na hatakuwa na pa kwenda ila kwangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Tangu alfajiri nachimba, shimo limenifika magotini. Saa saba akaita kutoka dirishani kwamba chakula kiko mezani. Saa nane akaita tena. Sasa hivi ameshuka mwenyewe, amesimama ukingoni, anasema kimepoa na yeye bado hajala, ananisubiri. Nimemwambia aniache nifanye kazi, namwandalia mgeni.