Meza Kuu ya Tovuti

Jumatatu, 8 Machi 2004
Leo nimekabidhiwa tovuti ya umoja wetu wa wakulima wa zabibu. Mimi, Yotham, karani wa muda! Mfanyabiashara wa Dar ataifungua Ijumaa. Akiridhika, analeta malori. Asiporidhika, zabibu zitaoza, maana tangu soko liwe huria kila mtu anajitafutia mnunuzi. Za shangazi Zipora, aliyenilea, zimeshaiva. Jambo zito hili. Nasma wa uhasibu, aliyesomea kompyuta Dar na hachoki kutukumbusha, ameshauri juu kabisa ya ukurasa niweke picha ya kichala cha zabibu. Nimecheka. Pale juu ndipo meza kuu. Nani aliwahi kukaribisha tunda meza kuu?

Jumanne, 9 Machi
Kamati imepigwa picha. Asubuhi yote! Mzee Mazengo, mwenyekiti wetu, kakaa katikati, hilo halina ubishi. Ila makamu na katibu waligombea mkono wake wa kuume mpaka chai ikapoa. Mweka hazina akanuna kwa kuwekwa pembeni. Kitambaa tuliazima kanisani, maua ya plastiki kwa mama ntilie. Mimi nikasimama nyuma na kipaza sauti. Mzee akasema karani wa muda haingii kwenye picha ya viongozi. Nikaitikia ndiyo mzee. Kisha nikamnong'oneza mpiga picha asinikate.

Jumatano, 10 Machi
Picha imetoka studio, nimeiskani, nimeipachika. Imekaa! Nimemwita Mzee Mazengo. Alivua kofia mbele ya skrini, akajitazama kwa muda, akasema ajira yangu ya kudumu itazungumzwa. Hakunigundua nyuma ya maua. Nasma akauliza picha yenyewe nimeihifadhi wapi. Nikamjibu kwamba imo kwenye kompyuta yangu, chini ya neno la siri, asije akanibadilishia na zabibu zake. Akasema basi itaonekana kwenye kompyuta yangu tu. Eti lazima nayo ipelekwe kule Dar inakohifadhiwa tovuti. Wivu huo! Nimeifungua tena na tena kuhakikisha. Tupo wote, tunang'aa.

Ijumaa, 12 Machi
Siku mbaya. Mfanyabiashara kapiga simu. Juu ya ukurasa kaona kisanduku kitupu chenye alama nyekundu ya kosa, akauliza kama umoja wetu bado upo. Mzee akamwapia kwamba kamati nzima imekaa pale pale. Yule akasema haoni mtu. Malori yake kayaelekeza kwingine. Mzee kanitazama, kisha kavaa kofia yake. Nasma naye hakucheka, na hilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 14 Machi
Baada ya ibada nimekwenda shambani kwa shangazi. Alishachuma, akitegemea malori. Makreti yanavuja, nyuki wamejaa. Nimemkuta anawamwagia nguruwe. Nimeona aibu. Nikamweleza yote, hata la kisanduku kitupu. Akamalizia kumwaga kreti. Kisha akauliza kama mimi kwenye hiyo picha nilitoka vizuri. Nikasema nilitoka vizuri sana, shangazi. Akamshukuru Mungu, akainua kreti jingine.

Jumatatu, 15 Machi
Nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Ile picha haikuwa na mkulima! Nasma kapata mnunuzi wa Morogoro kwa zabibu zilizobaki kwenye mashamba ya wengine, na kesho ataifungua tovuti. Sijapoteza muda. Nimempeleka shangazi studio. Kavaa kitenge cha Pasaka, nimemkalisha katikati, mimi mkono wake wa kuume. Kapendeza mno, nusura nilie. Hii sitaki mtu aichezee. Nimeifungia kwenye kompyuta yangu, na neno la siri nimebadilisha.