Utando Unaorudi Asubuhi

Jumatatu, 10 Machi. Makere.

Daktari amesema moyo wangu umechoka, nisibebe kitu. Sijabeba. Nimetazama tu. Mashine ya binti yangu Pelagia, ya kukamua mawese, imekwama tena. Kumbe si chuma kibovu! Valvu imevaa utando wa kahawia, unanata kama asali iliyoungua. Mafuta ya haidroliki, yale yanayoisukuma mashine, yamezeeka kwa joto na hewa. Kama mimi, ila yenyewe yanatibika. Pelagia anataka kwenda Kasulu kununua mapya. Chikichi za Ndayikeza, mteja wake mkubwa, zimerundikwa uani na zimeanza kuchacha. Nimemwambia asubiri. Nilifundisha kemia. Nikifa, wanikumbuke angalau kwa hili.

Jumanne, 11 Machi

Felisiani amekuja kunijulia hali. Alifundisha fizikia shule ya Kitahana, na tangu hapo hajanyamaza. Anasema utando huvutwa kwa umeme: nyaya mbili, betri ya pikipiki, basi. Nikamwuliza amekuja kunizika au kunichoma. Akasema watu wa kemia wamezoea kupika, basi nipike.

Nitapika!

Alasiri. Pelagia yuko sokoni. Nimeyatoa mafuta mashineni na kuyapasha kwenye jiko la mkaa, kopo moja moja. Maajabu! Utando umeyeyuka, mafuta yanang'aa kama chai ya rangi. Nikayachuja yangali moto kwa kilemba cheupe cha Pelagia cha kwaya. Kilemba kimelowa, lakini hakikushika uchafu hata chembe. Ushahidi gani zaidi? Nikayarudisha mashineni, nayo yakaosha valvu. Pelagia aliporudi nikamdanganya kwamba Felisiani ameleta mafuta mapya. Mashine ikanguruma. Akanikumbatia. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumatano, 12 Machi

Ukungu. Baridi. Mashine imekwama, chikichi zikiwa ndani. Utando umerudi! Nimekaa nikiutazama mpaka uji ukapoa. Sasa naelewa: joto haliuondoi, linauyeyusha tu ndani ya mafuta, nao unapita kwenye kitambaa kama sukari iliyokorogwa. Mafuta yakipoa, unajitokeza. Ningeyaacha yapoe kwanza, ndipo nichuje. Jambo zuri mno! Nikamwita Pelagia aje aone.

Hakuona uzuri. Akauliza ni mafuta mapya gani haya yanayonuka mkaa, na kilemba chake kiko wapi. Ndayikeza amepakia chikichi zake kwenye toroli, akisema anatafuta mashine isiyo na msomi. Pelagia amelia. Hilo sikulipima.

Ijumaa, 14 Machi

Pelagia amesafisha valvu mwenyewe na kuweka mafuta ya Kasulu. Mashine inakamua. Ndayikeza amerudi, hakupata kwingine. Nusu ya chikichi zake zimeoza, Pelagia anamfidia kwa mawese yake mwenyewe. Ndayikeza hanisalimii.

Moyo unadunda ovyo. Pelagia amemwita Padri anipake mafuta ya wagonjwa, ila kwanza niungame. Nimeungama yote: uongo, kilemba, kiburi. Padri akauliza kama nimejifunza. Nikasema nimejifunza, Baba. Nikaapa kutogusa tena mafuta ya mtu. Nilikuwa mkweli kabisa, mpaka alipotoa kichupa chake.

Chini kina utando! Mwembamba, wa manjano.

Amenipaka, amenibariki, ametoka nje kuongea na Pelagia. Kichupa amekiacha mezani. Jiko lingali na moto.

Nitakipasha kidogo tu.