Mama wa Kiilu Apatikana Mbooni

Jumapili moja mwaka wa 1986, Kiilu aliketi kanisani Nunguni, koti safi mwilini, akagundua jambo lililomfurahisha sana: watu wa pale walipenda kutoa, mradi waonekane wakitoa. Wakati wa ushuhuda akasimama, sauti ikitetemeka.

"Wapendwa, mama yangu yuko Mbooni, hoi kitandani. Siombi msaada. Nikopesheni tu mia sita za hospitali, nitarudisha baada ya mavuno."

Mama yake alikuwa amefariki zamani. Na mavuno yenyewe, hakuwahi kupanda hata sukuma wiki.

Pasta Musembi akapitisha kikapu. Pesa zikamiminika, kila mtoaji akikohoa kidogo ili jirani ageuke. Ni Syokau pekee, muuza maharagwe asiyemkopesha mtu hata kiberiti, aliyefunga mkoba wake.

"Mimi sikopeshi," akasema. "Lakini nina pikapu. Twendeni tumpeleke huyo mama hospitali sasa hivi."

Kanisa likapiga makofi. Kiilu naye akapiga, polepole.

Huko Mbooni, akiwa amebanwa kati ya wazee wawili wa kanisa, aliona ajuza akipukuchua mahindi peke yake nje ya nyumba. Akaruka chini kabla gari halijasimama.

"Mwaitu! Mama yangu! Kumbe umepata nafuu!"

Ajuza huyo, Ndila, alimtazama kijana asiyemjua. Akautazama umati. Akakitazama kikapu mkononi mwa pasta.

"Mwanangu!" akalia, akaanza kukohoa. "Hatimaye umerudi!"

Pasta akamkabidhi zile mia sita. Ndila akazifunga kwenye leso.

"Asanteni, watoto wa Mungu. Lakini huyu aliondoka na mbuzi wangu wawili, akawauza. Leo najua atanilipa mbele yenu."

Macho yote yakamgeukia Kiilu. Akatoa mia tatu alizochangiwa kanisani Matinyani wiki iliyopita, kwa ajili ya baba mgonjwa. Syokau akalitazama koti la Kiilu. Koti nalo likavuliwa.

Pikapu ilipoondoka na nyimbo zake, Kiilu akanong'ona, "Nyanya, tugawane basi. Nusu kwa nusu."

"Nusu ya nini? Mimi ni mgonjwa." Ndila alikuwa ameshavaa koti. "Na usiniite nyanya, majirani watasikia. Chukua jembe. Ukimaliza shamba la chini, nitakukopesha nauli."

Kiilu akalima hadi mikono ikatoka malengelenge. Jioni akaja kuidai ile nauli.

"Haya," Ndila akasema, akifungua leso taratibu. "Na nani atakudhamini?"