Alama Tatu za Rivasi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza kazini! Nimeamka saa kumi na moja ingawa kazi inaanza saa mbili. Mke wangu alikuwa ameshapiga pasi shati. Na suruali. Na soksi. Wapangaji wote wa nyumba hii wanajua kuwa mimi sasa ni dereva wa lori. Aliyekuwa hajui amegongewa mlango akaambiwa.

Niandike ukweli humu, maana daftari halina mdomo. Leseni ninayo, halali, mtihani nimeufanya mwenyewe. Kwenda mbele naenda vizuri kabisa. Shida ni kurudi nyuma. Kule chuo cha udereva rivasi ilikuwa na alama zake, na kila darasa liliurithisha mpango huo kwa darasa linalofuata. Pipa la bluu likiingia kwenye kioo cha kushoto, kata usukani mizunguko miwili na nusu. Tairi jeupe likipotea kwenye kioo cha kulia, rudisha usukani. Ukiona shina la mti, breki. Mwalimu alijua. Mtahini alijua. Nadhani hata pipa lilijua. Nilifaulu bila kukosea hata kidogo. Sasa pipa limebaki kule, mimi niko huku.

Nina wiki moja ya majaribio. Lori lisilo na dereva ni moja, na anayelingoja ni mmoja: mwendesha mashine ya kunyanyulia mizigo hapa ghalani. Hamalizi sentensi bila neno tajriba. Kwa tajriba yangu hivi, kwa tajriba yangu vile. Tajriba yenyewe ni ya kunyanyua maboksi! Nimembandika jina: Tajriba. Leseni ya lori ameipata mwezi mmoja baada yangu. Nikishindwa, lori ni lake, nami narudi karakana kwa shemeji, kumshikia nondo anapochomelea. Nimeshika nondo miaka sita. Nyusi zangu bado hazijaota sawasawa. Tena shemeji ndiye aliyenidhamini kwa meneja, kwa hiyo nikirudi sitashika nondo peke yake, nitashika na maneno yake.

Utingo wangu ni mzee wa miaka thelathini ya kazi. Anaitwa Mzee Kabari, kwa sababu ya kile kipande cha mbao anachokitia chini ya tairi kila tukisimama, hata pakiwa tambarare. Kofia nyekundu ya sufu, jua liwake lisiwake. Maneno machache.

Mzigo: vyoo vya kukalia, arobaini, kwenda duka la vifaa vya ujenzi. Lori lilikuwa limeshapakiwa na limeelekea geti. Mungu mkubwa! Tulipofika, nikakuta duka liko mwisho wa kichochoro na lazima uingie kinyumenyume. Nikashuka. Nikakitazama kichochoro kwa uso wa kitaalamu. Nikamwambia mwenye duka kwamba sheria mpya hairuhusu lori la uzito huu kuingia hapo. Akauliza sheria ipi. Nikamwambia mpya.

Tumebeba vyoo arobaini mabegani, sisi wawili na kijana wa dukani, hatua mia mbili kila kimoja. Vyangu kumi na vitatu. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo aliniuliza kama vyote hivyo ni vya mtu mmoja. Mzee Kabari akashusha choo cha mwisho. Ndipo akasema njia ya mwongo ni fupi, ila hii ya leo imekuwa ndefu kidogo. Sikumwelewa. Nilijifanya sikumwelewa.

Jumanne, 4 Machi

Kiuno!

Leo hakuna kichochoro wala sheria. Lori linatakiwa lirudi kinyumenyume hadi kwenye jukwaa la kupakilia, mbele ya macho ya watu. Nikasema nasikia mlio nyuma, upande wa difu, ile giaboksi ya magurudumu ya nyuma. Nikaingia uvunguni. Nimelala huko dakika arobaini nikigongagonga vyuma na spana. Fundi akaitwa. Akasikiliza, akasema kweli, mlio upo. Sijapata kuona fundi aliyeambiwa kuna mlio akakosa kuusikia.

Kisha yule nuksi Tajriba akajitolea kusaidia. Akapanda, akarudisha lori mara moja tu, likakaa sawa na jukwaa. Akashuka anapiga mluzi, anarusha funguo juu na kuzidaka. Meneja alikuwa dirishani. Akauliza, kwa sauti ya kusikika na wote, kwa nini dereva yuko chini ya gari na mtu wa mashine yuko juu yake.

Mzee Kabari alinivuta kando. Akasema yeye atasimama nyuma, mimi nimtazame kwenye kioo na nifuate mkono wake, basi. Madereva kumi na mmoja wamejifunza hivyo kwake. Akaongeza kuwa mficha uchi hazai. Nikamshukuru sana, nikamwambia mimi sina uchi wa kuficha. Mtu mwenye leseni atafundishwaje na mtu asiye na leseni?

Jumatano, 5 Machi

Lori limeshinda kwa fundi akitafuta mlio. Ameupata, anasema. Sijui ameutoa wapi.

Siku yangu haikupotea lakini. Akili ni mali! Kama alama zimebaki chuoni, nitazileta alama kazini. Nimeazima futi ya fundi cherehani wa jirani, nikaenda kuupima uwanja wa chuo. Futi ya nguo ni fupi, nimepiga magoti mara sitini. Mwalimu akaja akauliza nimepoteza nini. Nikasema ufunguo. Mtu mwema yule, akaita wanafunzi wake wote, tukautafuta nusu saa. Wakaupata! Si wangu, sijui ni wa nani, lakini ilibidi niupokee na kushukuru.

Jioni wenzangu walipoondoka nikabaki ghalani. Pipa lilikuwepo, nimelivingirisha mpaka mahali pake na kulipaka bluu. Tairi bovu nalo nimelipaka nyeupe. Mlinzi nimemwambia ni mapambo. Kilichokosekana ni mti. Nimezunguka na futi mpaka nikaona: pale unapotakiwa kuwa mti ndipo meneja anapoegesha gari lake, kwenye kivuli cha tangi la maji. Ni kivuli pekee katika ua mzima. Mlinzi ameapa kwamba miaka minane gari hilo halijawahi kushinda juani. Basi alama ya tatu ni taa ya nyuma ya gari la meneja. Nikiiona, breki.

Nimerudi nyumbani na rangi kwenye suruali. Mke wangu ameuliza. Nimesema kazi ya udereva ina mengi.

Alhamisi, 6 Machi

USHINDI!

Pipa, mizunguko miwili na nusu. Tairi, rudisha. Taa, breki. Nimeligusa jukwaa taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Mzee Kabari alikuwa nyuma akipunga mikono na kuita njoo, njoo, njoo, lakini sikuwa na haja naye. Chuoni hatukuwa na mtu wa kupunga.

Tajriba alibaki mdomo wazi. Meneja ameshuka mwenyewe akanishika mkono. Anataka kesho baada ya chai madereva wote wakusanyike, niwaonyeshe rivasi inavyopigwa. Hasa Tajriba, ili ajifunze! Ameniuliza siri. Nimesema ni kipaji tu. Nimemsikia Tajriba akinong'ona kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wivu.

Mzee Kabari kaniuliza nilikuwa natazama nini, maana yeye hakuona jicho langu kwenye kioo hata mara moja. Nikamjibu kila mtu na mbinu zake. Akaokota kabari yake akaenda.

Jioni shemeji amekuja kunipongeza. Amefurahi hasa. Amefurahi kiasi kwamba ameshamwajiri mtu mwingine wa kumshikia nondo. Chai ilinipalia. Kwa hiyo sasa ni lori au hakuna kitu. Nimelala vizuri hata hivyo. Pipa lipo, tairi lipo, kivuli kipo.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Lakini nitaandika.

Baada ya chai watu wote wakaja. Madereva watano, makarani, mlinzi, fundi wa mlio, Tajriba akiwa amekunja mikono. Meneja akapanda juu ya jukwaa ili aone vizuri, akasimama karibu na vyoo vilivyopangwa tayari kwa kupakiwa. Na kabla ya kupanda, mtu muungwana yule, akaona anipe nafasi ya kutosha. Akalisogeza gari lake. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa ndani ya lori nikichana nywele.

Pipa, mizunguko miwili na nusu. Sawa. Tairi, rudisha. Sawa. Nikaanza kungoja taa. Taa haikuja. Nikasema itakuja tu, miaka minane. Nikasikia Mzee Kabari anapiga kelele na kugonga bodi kwa viganja vyote viwili. Nikadhani ni makofi. Watu wengine nao wakaanza kupiga kelele. Nikatabasamu.

Jukwaa halikuvunjika lote. Ufa tu, wa kupitisha mkono. Lakini vyoo vya mbele viliangukia vya nyuma, na vya nyuma havikuwa na pa kwenda. Kumi na saba. Meneja naye alitikisika akakaa kitako. Bahati nzuri, palikuwa na choo cha kukalia. Hakuumia hata kidogo. Alikaa pale muda mrefu akinitazama, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa fundi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeitwa ofisini. Meneja, Mzee Kabari, shemeji. Juu ya meza kopo la rangi ya bluu. Mlinzi amesema yote, mpaka habari za futi.

Nikajitetea. Nikaeleza, kwa adabu, kwamba tukitazama kwa haki, mwenye kosa ni aliyelisogeza gari. Shemeji akajishika kichwa kwa mikono miwili. Naona ningeliacha hilo.

Meneja akasema Jumatatu lori ni la Tajriba. Hapo nilimwona mke wangu akipiga pasi zile soksi. Nikaona aibu, aibu ya kweli, na machozi yakanilenga mbele ya watu wazima.

Mzee Kabari akavua kofia. Akasema hajawahi kuomba kitu ofisini humo kwa miaka thelathini, leo anaomba kimoja. Kesho apewe lori kwa saa mbili, yeye na huyu kijana, uwanja wa mpira, bila pipa, bila tairi, bila chochote. Jumatatu asubuhi nirudi nyuma mara moja mbele ya meneja. Nikishindwa, asiulizwe mtu. Meneja akamtazama sana. Akakubali. Kwa heshima yako wewe, alimwambia, si ya huyu.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kila kitu. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho, akasema kama kuna mzee aliyenivulia kofia nami sikumsikiliza, nisirudi kula hapa. Ana haki. Kesho nitasikiliza.

Jumapili, 9 Machi

Nimesikiliza!

Uwanja mtupu, asubuhi, mimi na Mzee Kabari. Akaeleza taratibu: tazama vioo vyote viwili, jua urefu wa gari lako, usione haya kusimama, fuata mkono wangu. Mara ya kwanza nimepinda nguzo ya goli. Mara ya pili nimeinyoosha. Mara ya tatu kitu kikafunguka kichwani, na baada ya hapo nimerudi nyuma mara saba, SABA, bila kugusa kitu. Mzee alikaribia kulia. Akanishika mkono akasema sasa mimi ni dereva, na kwamba amejua nimeacha ule upuuzi wa alama.

Sikutaka kumharibia furaha. Lakini daftari ni daftari. Siri ni kofia. Nyekundu ile huonekana mpaka mwisho wa uwanja! Kofia ikifika katikati ya kioo cha kushoto, mizunguko miwili na nusu. Ikihamia kioo cha kulia, rudisha. Ikishuka mpaka ukingo wa chini, breki. Na hapa ndipo ninapokiri kuwa nimejifunza jambo kubwa wiki hii: alama isiwe gari la mtu. Gari husogezwa. Kofia iko kichwani.

Tulipokuwa tukirudi, Mzee akaniambia kesho asubuhi hatakuwepo, ana miadi ya kung'oa jino. Meneja ameshapanga mtu wa kusimama nyuma badala yake. Tajriba.

Nilishtuka kidogo. Kidogo tu. Nikamwomba Mzee aniazime kofia yake. Akainamisha kichwa, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema hakujua kama namthamini kiasi hicho. Ninayo hapa mezani. Mke wangu ameshaifua, tena ameipiga pasi.

Tajriba ni mrefu kumzidi Mzee kwa kichwa kizima, na sijawahi kumwona amevaa kofia. Haidhuru. Nitamwambia ni sheria mpya. Akiuliza sheria ipi, nitamwambia mpya.