Filimbi ya Baba Iliyonyamaza

Jumatatu, 13 Januari 2025

Mama ana uvimbe kwenye titi! Nimeugusa mwenyewe. Mdogo kama njugu. Ameniapisha nisimwambie Baba. Anasema ataenda hospitali ya Mulago baada ya harusi ya mdogo wake, Lakot. Harusi ni Aprili! Nikafungua mdomo kumbishia. Sauti haikutoka. Aryemo, miaka kumi na minane, biolojia nimefaulu, bubu kama kabati.

Benedicte wa mlango wa pili akasema nimsihi tu mama yangu aende. Tu! Yeye anauza vitenge Bukoto, hupigia kelele watu asiowajua. Sisi wengine tunahitaji mpango.

Jumanne, 14 Januari

Mpango umepatikana! Mama hapendi kutishwa, lakini anapenda kuelewa. Nitamweleza methili. Ni vialama vidogo vya kemikali vinavyobandikwa kwenye DNA. Katika baadhi ya saratani za matiti vinabandikwa palepale penye jeni ya ulinzi. Jeni haijaharibika, herufi zake zote zipo. Imezibwa mdomo tu. Seli zinaongezeka ovyo, mlinzi kimya. (Naihurumia sana jeni hiyo. Tunafanana.)

Mfano wangu: filimbi ya Baba, sajini wa trafiki. Nimeiziba kwa unga wa chapati uliokandwa. Mama atapuliza, itakataa, ataelewa, ataenda. Kesho asubuhi!

Jumatano, 15 Januari

Baba aliondoka kabla sijaamka. Na filimbi.

Njia panda ya Bwaise, kama nilivyosimuliwa. Boda boda kutoka kila upande. Baba akapuliza. Akapuliza tena. Mashavu kama puto, sauti hakuna. Lori la matoke likampigia honi, likapita. Muuza chapati akauona unga ukichungulia, akauliza kama afande naye ameingia kwenye biashara.

Jioni Baba akasimama mlangoni, filimbi mkononi, akauliza ni nani. Nilitaka kueleza vizuri. Likatoka neno moja: methili. Akauliza huyo Methili anakaa nyumba gani hapa kambi ya polisi, akamkamate. Basi yote yakanitoka kwa pumzi moja: DNA, jeni, vialama, uvimbe wa Mama.

Baba akakaa, buti bado miguuni. Akamuuliza Mama, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia, kama ni kweli. Mama akaitikia. Kisha akaitazama ile filimbi, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. Akasema kama mtoto asiyeweza hata kuomba chumvi mezani amethubutu kuiziba serikali mdomo, basi ataenda. Kesho!

Alhamisi, 23 Januari

Majibu! Walichukua kipande kidogo cha uvimbe, wakapima. Si saratani! Uvimbe usio na madhara, watauangalia tu. Baba akapuliza filimbi ndani ya nyumba. Kambi nzima ikatoka mbio, wengine na taulo. Benedicte akacheza uani, kisha akanikumbusha kwamba sentensi moja tu ya Jumatatu ingetosha. Mchawi.

Baba akaniketisha. Akasema kwa upole: siku nyingine, binti yangu, sema tu. Nikaahidi kwa moyo wote.

Ijumaa, 24 Januari

Baba anashika kichwa kila jioni, na hataki kupimwa presha. Nimwambie tu? Nimelifikiria sana. Hapana. Mfano utaeleweka zaidi. Nahitaji mpira wa maji uwe mshipa wa damu, na ule wa kuoshea gari la mkuu wa kituo uko hapo nje. Nimeshaufunga fundo.