Kifurushi cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 1975. Bunda.
Sasa hivi Wankyo kavaa kofia ya baba yake, ikamfunika macho, akatembea moja kwa moja mpaka ndani ya beseni la dagaa. Nikacheka, halafu nikalia. Mwenye kofia, Mihayo wangu, yuko jela Musoma kwa bangi isiyo yake, eti kwa kuwa yeye ndiye mwenye mji. Ni ya mama mkwe, anawachemshiaga kuku wake wakiugua.

Na aliyemkamata ni Felisian, mgambo, mume wa wifi yangu! Kaapa mahakamani kwamba aliingia chumbani kwa mama, akakitoa kifurushi uvunguni mwa kitanda. Mkwe, uvunguni kwa mama mkwe wake, mwiko mkubwa! Hata kizingiti kile hajawahi kukivuka. Rufaa iko hapo.

Jumatano, 5 Machi.
Nimembana Felisian kwenye shamba la kijiji, mbele ya wazee. Kama aliingia, alete mbuzi wa kumsafisha mama. Kama hakuingia, aliidanganya mahakama. Akasema kisomo cha watu wazima kimetuharibu wanawake. Mimi darasa la nne nilisomaga utotoni! Jioni kaleta mbuzi. Mama mkwe kamfukuza na mbuzi wake, akasema uvungu wake haujaonwa na mkwe yeyote na hautaanza kuonwa uzeeni.

Alhamisi, 13 Machi. Musoma.
Felisian kakiri mbele ya hakimu wa rufaa: alibaki uani. Hakimu akauliza kifurushi kilitokaje. Nikasimama bila kuitwa. Nikasema nilikileta mimi, ndugu hakimu, Felisian aliniagiza kwa adabu, tena nilikipangusa vumbi. Mihayo akajifunika uso. Nikajua nimemmaliza.

Kumbe hakimu kasema: kibali hakuna, balozi wa nyumba kumi hakuwepo, na mgambo kasema uongo. Ushahidi kautupa. Mihayo huru! Wankyo hakumtambua, akamng'ata kidole.

Ijumaa, 14 Machi. Musoma.
Mihayo kalala kwa binamu yake, huko mtaa wa Bweri. Anataka twende nyumbani, tunyamaze. Ninyamaze vipi? Kilichochukuliwa vibaya kirudishwe. Kuku wa mama wanakufa.

Niko kwenye benchi la polisi, Wankyo mgongoni. Koplo Stanislausi ni mpole sana. Kauliza kama kweli kifurushi ni chetu. Nimesema chetu kabisa, na mimea yenyewe iko nyuma ya zizi, mirefu kunizidi. Akitaka aje aone, ila safari hii na kibali na balozi, pasiwe na ubishi. Kafurahi, kawaita na wenzake. Sasa ananiita ndani, anasema nikaweke dole gumba, nadhani ni la kupokelea kifurushi, ingawa mimi jina langu najua kuliandika na